Ukuta Uliotaka Mzigo

Siku ya kuniaga, vijana wa ukarabati walinipa saa ya ukutani na wakaniomba niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Saa nimeitundika. Inakwenda mbele kidogo, nami sina tena haraka ya kuirekebisha. Kuhusu kazi, vyeo na mishahara mtavikuta kwenye mafaili. Mimi nitakwenda kwenye miaka yangu ya mwanzo, kabla nyinyi hamjazaliwa, na hasa kwenye msikiti mmoja mdogo ulionifunza zaidi ya ngome zote tulizokuja kuzitengeneza baadaye.

Nilifika Maskati mwaka 1964, kijana mwenye mama mmoja na mwiko mmoja wa kuashia. Unguja tuliiacha kwa namna ambayo wazee wenu wameshawahadithia, na sitairudia hapa. Kuingia hakukuwa rahisi. Waliokubaliwa walikuwa wachache, na kila mmoja alihitaji mtu wa kumdhamini. Dhamana yetu ilikuwa juu ya Ami Nassor, binamu wa marehemu baba yangu, mfanyabiashara wa tende, mtu mwenye moyo mpana na hofu nyingi. Alitupa chumba nyuma ya ghala lake, na harufu ya tende ikatuingia mpaka kwenye mito.

Mji ulikuwa mdogo. Matrah haikuwa na bandari hii mnayoiona leo na meli zake za watalii. Mizigo ilishushwa kwa mashua. Wattaya, ambako sasa mnakwenda kuchagua magari, kulikuwa na changarawe na mbuzi. Lango la Maskati lilifungwa usiku, na aliyetoka baada ya hapo alibeba fanusi yake. Mama alichukua muda kuzoea. Unguja kibla chetu kiko kaskazini, hapa kiko magharibi, na mara nyingi nilimkuta ametandika msala kuelekea kaskazini kama alivyofanya maisha yake yote. Nikimgeuza ananiambia kwamba aliyefika Maskati ni yeye tu, mwili wake bado uko njiani.

Kazi niliipata upesi, chini ya Mzee Abdalla, mwashi wa Mji Mkongwe aliyenifunza ufundi tangu nikiwa Unguja na aliyekuja kwa meli moja nasi. Sifa za waashi wa Unguja zilitutangulia, nasi hatukuzikanusha. Tukaitwa Matrah kwenye nyumba yenye ukuta uliopasuka. Kwetu ukuta ukipasuka, jambo la kwanza ni kuuvua chokaa yote, uone mawe yana habari gani. Mawe yetu ni ya matumbawe, mepesi, yana matundu, na chokaa huingia humo ikashika. Ukiuvua ukuta wa Unguja unabaki umesimama uchi, unakusubiri. Basi tukauvua ule wa Matrah, na kufika adhuhuri ukaanza kumwagika. Mawe ya hapa ni ya bondeni, mazito na ya mviringo, yamepangwa kwa udongo, na kinachoyashikilia ni ile ngozi ya nje. Sisi tuliichana ngozi, mawe yakatoka kama mchele kwenye gunia lililotobolewa. Mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni anakunywa kahawa. Alitazama, akamaliza kikombe chake, kisha akauliza kwa upole kama Unguja nyumba zote hutengenezwa hivi au ni yake tu.

Aliyekuja kuuwahi ukuta ule usimalizike alikuwa Ustadh Seif. Hapa fundi mkubwa huitwa ustadh, na huyu alistahiki. Alikuwa mtu wa bara ya Omani aliyefanya kazi Pemba miaka mingi akarudi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kipemba na hasira zake zilikuwa za Kiarabu. Ndevu alizitia hina. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na mtu akianza kubishana naye alimgeuzia hilo. Aliukandika ukuta kwa matope na kuuegemeza kwa magogo, akatutazama mimi na Mzee Abdalla kwa muda, akasema tufike kwake asubuhi tukiwa tumesahau tunachokijua. Mzee Abdalla alinuna kwa siku kadhaa. Mimi nilikwenda, na yeye baadaye akaja, akidai kwamba amekuja kunitazama mimi.

Huko ndiko nilikojifunza saruji. Waswahili wa leo wakisema saruji wanakusudia simenti, lakini saruji ya Ustadh Seif ilikuwa udongo wa mashambani uliokandwa vipande, ukaanikwa, ukapangwa juu ya magogo ya mtende na kuchomwa mpaka ukawa mwekundu. Kisha unatwangwa, unachekechwa, unachanganywa na chokaa na maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai hata kama punda wa maji hajaja siku nzima. Ukuta utaota unga mweupe na kubanduka. Ukishapaka, unaipiga kwa kipande cha mti, taratibu, na kuifunika magunia yaliyorowa, kwa sababu upepo mkavu wa magharibi huinyonya maji kabla haijashika. Vijana wengi hapa ndipo wanapoharibu. Wanapaka vizuri, wanapiga vizuri, halafu wanakwenda kula na kuacha magunia yakauke.

Mwaka wa sitini na sita Ami Nassor, ambaye alikuwa msimamizi wa wakfu wa msikiti mmoja wa zamani nje ya ukuta wa mji, alituita tukautazame. Ulikuwa kando ya bonde, wadi kama tunavyoita hapa, kavu mwaka mzima isipokuwa siku inapoamua vinginevyo. Ukiingia unashuka vidaraja vya ngazi, maana ardhi ya nje ilikuwa imepandishwa na mafuriko ya karne nyingi. Mnara haukuwa nao. Kulikuwa na kuba ndogo tu juu ya ngazi ya dari, ambapo muadhini alisimama. Ndani mlikuwa na nguzo nene za mviringo, zimebeba matao mafupi, na baridi yake ilikuwa ya mtungi.

Mihrabu yake ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa ya jasi iliyochongwa ikiwa ingali mbichi: duara ndani ya duara, majani, nyota, na maandishi ya Qur'ani yakizunguka pembeni kama taraza ya kanzu. Katikati lilikuwa limezamishwa bakuli la kichina la kijani, sawasawa na misikiti ya kale ya pwani yetu, ambayo nayo ina mabakuli hayo kwenye mihrabu. Chini kabisa fundi alikuwa ameandika jina lake na mwaka. Jina lilisomeka nusu. Mwaka ulikuwa umefutwa na viganja vya watu. Ustadh Seif alisema mihrabu za namna hii alizifahamu kwao bara, na kwamba hii ilichongwa kabla Mreno hajajua Maskati iko wapi. Mengine ilibidi tuusome msikiti wenyewe. Ukuta wa kibla na nguzo za mviringo vilikuwa vya mwanzo. Ngazi na kuba viliongezwa baadaye, maana viliziba dirisha. Dari ilikuwa changa kuliko vyote: boriti za mikoko, na nilipozigusa nilijua zimetoka kwetu, Rufiji au Lamu, kwa unene na kwa gome lake. Nilifurahi kama aliyekutana na jirani ugenini. Niliweka kiganja juu ya ile ya karibu nikakiacha hapo mpaka Mzee Abdalla akaniuliza kama nimeona nyoka.

Lakini ukuta wa kibla, na mihrabu yake, ulikuwa unaanguka. Ulikuwa umelalia nje, upande wa wadi, na juu yake palikuwa na ufa ambao mkono wangu uliingia. Ami Nassor alikuwa ameshaamua. Watu walikuwa wakiswali kwa wasiwasi, simenti ilipatikana kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka ule iliangukia majira ya mvua, alitaka ukuta uvunjwe na ujengwe mwingine ulionyooka. Mihrabu je? Akasema atatengeneza nyingine safi, ya kupaka rangi.

Ustadh Seif aliugonga ukuta hapa na pale, akageuza sikio lake zuri, akatamka maneno ambayo sijayasahau.

"Ukuta huu hauna ndwele, mwanangu. Una njaa tu. Nani aliyeuondolea mzigo wake?"

Ami Nassor hakuipenda lugha hiyo. Alinichukua pembeni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu wake, akazungumza nami kwa sauti ya chini huku akichezea tasbihi.

"Slemani, mie ndo n'lokusemea kwa wakubwa hapa, weye na mama yako. Ukuta ukimwangukia mtu, hawatakuuliza weye, wataniuliza mie, na mie ntakuwa sina tena ulimi wa kukusemea. Sasa niambie. Tuvunje, au utasimama nao?"

Nilimwelewa vizuri. Ukuta ukianguka, dhamana yetu inaanguka nao, na mimi na mama hatuna nchi nyingine ya kwenda. Nilimwomba siku chache. Nilipomhadithia mama, hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiupeta. Alisema watu wa hapa wana msikiti wao, waujenge au waubomoe, hilo ni lao. Mimi nina mama.

Alikuwa na haki. Na bado sikuweza. Nilikuwa nimetoka mahali nilipoona vitu vingi vikivunjwa kwa muda mfupi, milango, makabati, nyumba nzima, na mikono yangu ilikataa kushika sururu juu ya kitu ambacho mtu alikichonga kwa uangalifu ule. Huo haukuwa ushujaa. Kila nikilipita ghala la Ami Nassor na kile chumba chetu cha nyuma, nilijiuliza tutalala wapi.

Basi nikarudi msikitini kulitafuta jibu la swali la Ustadh Seif. Nilikaa kwenye mkeka nikitazama juu. Kulikuwa na nguzo mbili zilizonisumbua tangu mwanzo. Zote nyingine zilikuwa za mviringo, hizi mbili za pembe nne, na zilisimama karibu kabisa na ukuta wa kibla, zikiikata safu ya kwanza ya wanaoswali vipande vitatu. Hakuna mwashi mwenye akili anayejenga msikiti halafu akatia nguzo kwenye safu ya kwanza. Aliyezitia alilazimika. Nikafuata boriti kwa macho. Zilitoka kwenye matao, zikaja mpaka kwenye mhimili uliolala juu ya nguzo zile mbili, zikaishia hapo. Ukuta wa kibla haukubeba hata kijiti. Nikaegemeza ngazi ya mti, nikapanda nikaugonga upande wa juu kwa kifundo cha kidole. Hapa jiwe, hapa jiwe, hapa patupu kama kibuyu, kisha jiwe tena. Yale yalikuwa matundu yaliyozibwa, ambamo dari ya zamani ilikuwa imeingia.

Hadithi yote ilikuwa pale. Zamani dari ilibebwa na magogo marefu yaliyotoka kwenye matao na kuingia ukutani, yakiukandamiza na kuushika. Yalipokuja kuoza, watu wakaleta boriti kutoka pwani yetu. Boriti ni kama zilivyo, mkoko haurefuki kwa kuombwa, na zilipungua kama mkono mmoja kuupenya ukuta. Ndipo mtu akajenga nguzo mbili za kuzipokea, akaziba matundu, akaenda zake ameridhika. Ukuta ukabaki hauna wa kuushika wala kazi ya kufanya, na kidogo kidogo ukaanza kuchungulia wadi.

Nilimweleza Ustadh Seif. Alinisikiliza kwa sikio zuri mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelizoea. Kisha akauliza nitazirefusha vipi boriti zilizopungua mkono mzima. Hapo Mzee Abdalla, aliyekuwa amelala kwenye mkeka na tuliyedhani amesinzia, alisema kwamba Unguja haturefushi boriti, tunausogeza ukuta. Unatoa mawe yanayochomoza kwenye matao, safu juu ya safu, kila moja likipita la chini yake kidogo, mpaka umepata huo mkono wako. Boriti inakalia mawe hayo, na ncha yake ya pili inaingia tunduni. Akajigeuza upande wa pili akaendelea kulala. Nilimpenda sana siku ile.

Nikamwambia Ami Nassor nitasimama nao. Hakunipongeza. Aliniombea dua ndefu kuliko nilivyotaka.

Kazi tuliifanya kwa kuchanganya ufundi wa huku na wa huko. Dari tuliifumua, na nje tuliuegemeza ukuta kwa magogo ya mtende. Ndani Mzee Abdalla alitoa mawe yake kutoka kwenye matao, mazuri, ya kukata kwa tindo, akiyapima kwa timazi na kuyasifu kwa sauti. Mihrabu tuliifunga kwa magunia na pamba kama maiti, Mungu anisamehe. Kisha ikabaki kuyafungua matundu, moja moja, bila kuichana ngozi ya ukuta. Boriti zingepita mle mpaka nje, na kila moja ingepigwa kigingi cha mti upande wa wadi, ili ukuta ukitaka kwenda, uvute dari nzima.

Tundu la tatu lilitutia adabu. Mzee Abdalla alikuwa akilifungua, jiwe la kuzibia likatoka na udongo ukaanza kumiminika nyuma yake, mkavu, kwa sauti kama ya mvua juu ya makuti. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye tindo, apanue, aone ndani, kama tulivyofunzwa. Ustadh Seif alimpiga kofi la mkono, akavua kilemba chake na kukishindilia chote kwenye tundu. Udongo ukasita. Sote watatu tulibaki tumekibana kwa viganja, mpaka vibarua walipochanganya saruji na kuileta. Kilemba kimo humo mpaka leo. Kilikuwa kipya, cha kashmiri, na alitukumbusha jambo hilo kwa miaka.

Boriti zilipokwisha kuingia, tukazipigia vigingi na kuijenga upya dari juu yake. Siku tulipoziondoa zile nguzo mbili za pembe nne, mhimili wake ulishuka bila kulia, na safu ya kwanza ikawa moja tena, kutoka ukuta hadi ukuta. Ufa tuliujaza. Tukapaka, tukapiga, tukafunika magunia, na mimi ndiye niliyeyarowesha. Kunyooka ukuta haukunyooka, na hata leo umelalia nje. Ustadh Seif alisema mzee akiinama humnyooshi, unampa fimbo.

Tulimaliza Shaabani. Ramadhani ikaingia, watu wakarudi kuswali, lakini walijipanga kuanzia safu ya pili. Hakuna aliyewaagiza. Imamu alisimama peke yake ndani ya mihrabu, na nyuma yake mkeka mtupu.

Mvua ilikuja siku moja baada ya adhuhuri. Hapa mvua haina adabu ya kunyesha kidogo kidogo; ilimwagika milimani, na kabla ya Alasiri wadi ilikuwa imeshashuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiburuta mawe na matawi, na yakafika kwenye ukuta wa kibla kwa nje. Tulikuwa ndani tukisikia mawe yakigonga. Watu walikusanyika karibu na mlango. Baadhi walisema waswali nyumbani. Imamu, ambaye alikuwa mtu mnyenyekevu mwenye kikohozi, alitazama mihrabu, akatutazama sisi, akaenda kusimama mahali pake kwa sababu hakuwa na mahali pengine.

Ustadh Seif alinishika mkono wa kanzu akanivuta mpaka safu ya kwanza. Mzee Abdalla siku ile alikuwa nyumbani na homa, na mpaka alipokufa alishikilia kwamba ilikuwa homa ya kweli. Tukawa wawili, na nafasi kubwa kulia na kushoto. Sala ikakimiwa. Hapo mlango ukafunguka, akaingia Ami Nassor, amerowa mpaka kwenye ndevu. Aliiona safu ya pili imejaa watu. Akatuona sisi. Mimi niliyemjua, niliona kabisa hofu ikimpanda. Kisha akapita katikati ya watu, akaja kusimama baina yangu na Ustadh Seif, bega kwa bega, akasema kwa sauti ya kuwafikia wa nyuma:

"Jazeni safu ya kwanza. Pana nafasi."

Wakaja. Si wote, lakini ikajaa.

Tuliswali wadi ikiunguruma upande wa pili wa mawe. Nilipokwenda sijida, paji la uso wangu lilikuwa karibu na ukuta ule kiasi cha kunusa saruji. Haukutikisika. Tulipotoa salamu, Ami Nassor alibaki amekaa, akaniambia bila kunigeukia kwamba wadi ikikauka atakwenda kwa wakubwa awaambie kuwa mimi na mama yangu ni watu wa hapa, na wasimuulize tena habari zetu. Nilimbusu mkono.

Mvua ilipopungua watu wakatawanyika. Mimi na Ustadh Seif tulikuwa mlangoni tukitafuta viatu vyetu. Moyo wangu ulikuwa umejaa furaha, na kitu kimoja kilinitatiza.

"Ustadh," nikamwambia, upande wa sikio zuri, "mie leo sijui hata nimesoma nini. Rakaa zote nne n'likuwa nnausikiliza ukuta. Niirudie?"

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Alifikiri, akakivua.

"Irudie. Na mie nnairudia yangu."

Tukarudi ndani. Ami Nassor alikuwa bado yuko safu ya kwanza, chini ya ukuta, peke yake. Alikuwa amesimama, anairudia yake.